Kompyuta ya Eija na Vipuri vya Kiwandani

Eija Kokkarinen alifungasha magombo ya karatasi kiwandani kwa miaka ishirini na minane. Mimi nilisimama upande wa pili wa mkanda uleule kwa miaka kumi na tisa, kwa hiyo ninayoyasema juu yake nayajua.

Siku waliyotutangazia kwamba kiwanda kinafungwa ilikuwa Alhamisi, na kantini walikuwa wamepika supu ya njegere kama kila Alhamisi. Watu waliacha sahani mezani. Veijo wa ghalani aliipiga teke mashine ya kahawa. Eija alimaliza supu yake, akaifuta sahani kwa kipande cha mkate mweusi, akarudisha trei mahali pake.

"Umesikia lakini?" nikamuuliza.

"Nimesikia."

Basi, hakuna zaidi. Tunakaa jengo moja, yeye ghorofa ya juu, mimi chini, na miezi yote iliyofuata sikumwona akilia wala akicheka. Jumamosi jioni, zamu yetu ya sauna, kile chumba cha joto cha jengo, ikifika, alikaa benchi la juu kabisa, lenye joto kali, muda mrefu hadi mimi nikawa naogopa. "Wewe, husikii joto?" nilimuuliza. Akasema analisikia, ila kwa mbali.

Ofisi ya ajira walimtaka achague masomo. Akachagua uchoraji wa mashine kwa kompyuta, pale chuo cha ufundi. Nilidhani kuna ndoto fulani alikuwa ameificha miaka yote. "Ndiyo yaliyokuwa juu kwenye orodha," akaniambia. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na wenzake darasani walikuwa wadogo kuliko binti yake.

Kompyuta aliyokuwa nayo ni ya huyo binti, Henna, aliyehamia mji wa Gothenburg, nchi jirani, na kuiacha chini ya meza, imebandikwa picha za farasi ubavuni. Ilikuwa na miaka kumi na miwili. Ukiiwasha programu ya kuchorea, unaweza kuchemsha kahawa, ukainywa, ukaosha kikombe, bado inafunguka. Ukijaribu kuuzungusha mchoro, inaganda. Siku moja mwezi wa pili ilizimika ghafla na kazi yake ya wiki nzima, mchoro wa pampu ya maji, ikapotea. Nilipanda juu nikamkuta amekaa mbele ya kioo cheusi.

"Wiki nzima, Eija! Sasa utafanyaje?"

"Nitaanza upya," akasema, kama mtu anayekutajia saa.

Mwalimu alimwambia anunue kompyuta mpya, lakini kwa posho ya mwanafunzi hilo lilikuwa jambo la kusahau. Nikamwambia amweleze Henna. Akatikisa kichwa. "Nikimwambia ataninunulia, halafu itabidi nifurahi."

Akaagiza mtandaoni RAM iliyokwishatumika, kijiti cha kumbukumbu ya kompyuta, ili mashine ipate nafasi zaidi ya kufanyia kazi. Bahasha ilipofika aliiweka kompyuta juu ya meza ya jikoni, akachomoa nyaya, akaligusa kwanza bomba la kupashia chumba joto ili umeme wa mwilini umtoke, kisha akafungua ubavu kwa bisibisi. Vumbi lilikuwa limeshikamana ndani kama blanketi. Akalitoa polepole kwa brashi anayopakia mayai kwenye maandazi. Kisha akajaribu kukiingiza kile kijiti cha RAM. Pengo lake halikulingana na la kwenye ubao. Mtu mwingine angekandamiza. Yeye alikitoa akakirudisha kwenye bahasha.

"Si cha hapa," akasema. "Tarmo atajua."

Tarmo Leinikka alikuwa fundi wa mitambo ya vipimo kiwandani, na pia mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi. Ndiye aliyetia saini makubaliano ya kufunga kiwanda kwa niaba yetu. Tangu hapo watu wakimwona wanavuka barabara. Sasa alikuwa kwenye kituo cha vitu vilivyotumika, nyuma ya kituo cha mafuta, akitengeneza kompyuta zilizotupwa.

Eija hana gari, kwa hiyo nilimpeleka mimi. Ilikuwa Machi, theluji imegeuka uji mweusi. Kompyuta tuliifunga kwenye shuka tukailaza nyuma.

Tarmo alipotuona aliweka bisibisi chini. "Haya. Leo mmekuja wawili. Nani anaanza?"

"Kuanza nini?" Eija akauliza.

"Kunitukana."

"Nataka RAM. Hii imegoma kuingia."

Akaipokea, akaitazama. "Hii ni ya kizazi cha nne, dada. Mashine yako ni ya kizazi cha tatu. Ulinunua bila kuuliza?"

"Niliona bei."

"Hapo ndipo wanapowanasa." Akafungua ubavu wa kompyuta, akachungulia. "Nani kaisafisha hivi?"

"Mimi. Kwa brashi ya maandazi."

"Basi usinialike kwako kula."

Nilicheka. Eija hakucheka. Tarmo akaenda kwenye rafu, akarudi na mashine ya kijivu yenye kibandiko ambacho mimi na Eija tulikijua vizuri. Kilikuwa cha kiwanda chetu. Chini ya namba paliandikwa: Ofisi ya Mkurugenzi.

"Zililetwa arobaini," Tarmo akasema bila kututazama, akachomoa vijiti viwili na kumpa Eija kimoja. "RAM zake ni za kizazi cha tatu. Na hii ina kadi nzuri ya picha. Diski nitakupa mpya, ndogo, ile isiyozunguka. Hiyo ndiyo itakayokupa mwendo."

Nikamwangalia Eija. Alikuwa ameshika kijiti cha RAM kwa kingo zake, kama inavyotakiwa, huku akisoma kile kibandiko.

"Inaingia?" akauliza.

"Inaingia. Eija, umeona imetoka wapi?"

"Nimeona."

"Na husemi kitu?"

"Niseme nini?"

"Mimi najua? Veijo alinitemea mate miguuni, hapa hapa uliposimama. Shemeji yangu hanisalimu. Wewe tumejuana miaka ishirini, unaniuliza inaingia au haiingii!"

Eija akafikiri. Alifikiri kweli, nilimwona. "Tarmo, ningekuwa na kitu humu," akagusa kifua cha koti lake, "ningekupa. Nimetafuta. Hamna."

Tarmo akajifuta pua kwa mkono. "Kwangu hamna vilevile," akasema.

Kazi aliifanya Eija mwenyewe. Alipachika vijiti, diski na kadi, akafuta dawa ya kupitisha joto iliyokauka chini ya feni na kupaka mpya, kiasi cha punje ya njegere. Alipowasha, kioo kikabaki cheusi na mashine ikalia mara tatu. Mimi nikasema basi, imekufa. Tarmo akasema, "Kijiti cha pili hakijakaa." Eija akakibonyeza kwa gumba hadi kikalia *tak*. Ikawaka.

Wakati mfumo wa kompyuta unaingia kwenye diski mpya tulikunywa kahawa na maandazi ya iliki. Tarmo alikataa kulipwa. "Mimi ni mwanafunzi, si ombaomba," Eija akamwambia, akaweka noti mezani.

Nyumbani programu ilifunguka kabla hajavuta kiti. Akafungua mchoro mmoja wa darasani, akauzungusha kushoto, kulia, juu chini.

"Unaonaje?" nikamuuliza.

"Inazunguka."

"Umefurahi?"

"Ni nzuri," akasema. "Najua kwamba ni nzuri."

Mchoro wa pampu aliurudia wote. Mwezi wa tano alifaulu, na sasa siku tatu kwa wiki anapanda basi kwenda kampuni ndogo inayotengeneza vyuma vya kushikia kwenye ngazi. Jumamosi asubuhi huenda kumsaidia Tarmo kufungua zile mashine za kijivu zilizobaki. Nilimuuliza wanaongea nini huko. Akasema hawaongei, wanafungua skrubu.

Mwezi wa nane alishuka ngazi mbio, uso mwekundu, akagonga mlango wangu kwa ngumi. "Nani kachukua zamu yangu ya chumba cha kufulia? Jumatano ni yangu! Miaka kumi na minne ni yangu! Watu hawana adabu humu ndani!"

Nilimwacha apige kelele kwanza. Nilikuwa sijasikia sauti hiyo kwa muda mrefu sana.

"Ni mimi," nikasema mwishowe.

"Basi ungeandika jina lako vizuri kwenye orodha ya zamu, Annukka," akasema, akapanda zake juu.