Mbwa wa Ghorofa ya Pili

Mama alipohamia kwangu mjini Wote, hakuna aliyelala. Ninaishi ghorofa ya pili, chumba kimoja na sebule, na ngazi ya jengo zima inapita mbele ya mlango wangu. Kila nyayo zilipopanda, Mama alinyanyuka. Alifungua mlango, akachungulia, akafunga, akaketi, akanyanyuka tena. Nilimwambia ni wapangaji tu wanarudi makwao. Alinijibu kwa hasira kwamba kwake, kule nje ya Mutomo, mgeni hafiki uani kabla mbwa hajasema.

Hakuja kwa kupenda. Mbwa wake wa mwisho alikufa kwa uzee, na muda si mrefu presha ikamwangusha nyuma ya zizi la mbuzi. Alilala pale juani mpaka mpita njia alipomwona. Kaka yangu aliyeko Nairobi akapiga simu akatangaza kwamba Mama hawezi kuachwa peke yake tena. Kaka yangu ni mwepesi wa kusema na mzito wa kutenda, basi Mama akawa wangu. Sikulalamika. Nilikuwa naogopa sana siku atakayoanguka tena na kukosekana mtu wa kupita.

Lakini kumweka mtu si kumtuliza. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya Mama ilikuwa ule mlango. Wapangaji walishazoea kupanda ngazi huku kichwa cha mwanamke mzee kikiwakagua. Usiku alinigusa bega: "Nani huyo anapita?" Mimi nitajua wapi? Nilianza kwenda kazini nikiwa nimechoka kuliko nilivyorudi.

Kazi yangu ni kuuza dawa za mifugo na mbegu, na hapo dukani ndipo wazo la mbwa liliponijia. Nilifikiri, kama kinachomkosesha usingizi ni mbwa, basi tumtafute mbwa. Nilipouliza wateja ni mbwa gani anafaa kukaa ghorofani, walicheka mpaka mmoja akaegemea magunia. "Mbwa inalala ndani ya nyumba? Kwa sofa?" Mwingine alinishauri nitafute vile vidogo vyeupe vya Nairobi vinavyovalishwa sweta. Nikamuuliza kama anamjua mama yangu.

Nilijua ninachotaka. Mbwa asiye mkubwa, mwenye manyoya mafupi, asiye na haja ya kukimbia mlima na bonde, na zaidi ya yote asiye na kelele. Hili la kelele halikuwa la mzaha. Chini yangu inakaa familia ya Waislamu kutoka kaskazini mashariki, wenye duka la nguo pale mjini, watu wa heshima waliotuletea maandazi wiki Mama alipofika. Nilishuka nikamuuliza mama wa nyumba kabla ya kuleta lolote.

"Dada, mimi sina ubaya na mbwa," aliniambia. "Lakini akinilamba nguo siwezi kuswali nayo mpaka nioshe. Na huyu mtoto wangu usingizi wake ni mwepesi. Ukimpitisha kwa ngazi, mbebe. Na asipige kelele, tafadhali."

"Hatapiga," nilisema, kana kwamba mbwa mwenyewe alikuwa ameniapia.

Mteja wangu mmoja, mkulima wa Kalamba, mbwa wake jike alikuwa amezaa. Nilikwenda na Mama, naye ndiye aliyechagua, kwa njia ya kwetu. Aliwainua watoto wa mbwa mmoja mmoja kwa ngozi ya shingo. Wa kwanza alilia kwa uchungu kama aliyechomwa sindano. "Hii ni ya bure," Mama akasema, akamrudisha chini. Wengine walilialia kidogo. Kisha akamwinua wa rangi ya udongo, na huyo alining'inia kimya, akimtazama Mama usoni. Mama akamfungua kinywa akaangalia kaakaa. Lilikuwa jeusi.

"Hii ndio yetu."

Nilifurahi kweli. Nilijiambia, mbwa asiyelia hata akiinuliwa shingo, ghorofani atamsumbua nani? Mkulima alimtazama Mama, Mama akamtazama mkulima, na hakuna aliyenifungua macho. Tulimwachia mkulima kuku, maana kwetu mbwa hanunuliwi, hubadilishwa. Tukaondoka bila kusema asante, kwa sababu wazee wetu husema mtoto wa mbwa akishukuriwa anakataa kukua.

Huyu hakukataa. Alikua, na sauti ikakua naye. Alibwekea nyayo, alibwekea pampu ya maji, alibwekea mitungi ya gesi ikishushwa barabarani. Jogoo la shamba haliwiki mjini, lakini mbwa wa Kalamba hakuwa ameambiwa habari hizo.

"Mwaitu," nilimwambia Mama kwa Kikamba chetu, maana ndivyo tunavyomwita mama, "si ulichagua asiyelia?"

Alicheka mpaka akafuta macho kwa leso. "Ile inalia ni mwoga. Ile inanyamaza, na kaakaa jeusi, ndio kali. Kwani wewe hukuzaliwa Mutomo?"

Ningemkasirikia, ila Mama alikuwa analala. Mlango haukufunguliwa tena kwa kila nyayo. Aliketi akichambua pojo, na mbwa akibweka, alinieleza bila kuinua kichwa. "Huyo ni mtu wa juu, anajulikana. Huyo ni mgeni, na anaogopa." Alikula. Aligomba. Alinikemea kwa jinsi ninavyosonga ugali. Alikuwa amerudi kuwa mama yangu, na mimi niliyekuwa nikihangaika sasa ndiye niliyelala macho, nikisikia mtoto wa chini akilia kila mbwa alipobweka, na mama yake akimbembeleza. Hakuwahi kupanda kunigombeza. Niliona haya zaidi kwa hilo.

Msimamizi wa jengo ndiye aliyepanda. Hata kuketi alikataa. "Madam, hapa ni mbwa ama ni wewe. Chagua."

Nilimrudisha mbwa Kalamba. Nikamwomba mkulima anipe yule mwoga aliyelia, yule wa bure, ambaye hakuna aliyemtaka. Alikuja amejikunja mikononi mwangu, akatetemeka ngazi zote, akaingia chini ya meza, na huko akakaa. Hakubwekea mtu. Jirani wa chini alinishukuru kwa mikono miwili. Kama kuna mbwa aliyeumbwa kwa ajili ya ghorofa, ni huyo, na dukani nilimsifu kwa kila aliyesikia.

Mama hakusema neno. Nilidhani amekubali. Hakufungua mlango tena, hakuuliza nani anapita. Nilisema, Mungu asifiwe, hatimaye amezoea mji. Nilisema hivyo kwa shangazi, nilisema hivyo kanisani wakati wa ushuhuda, watu wakasema amina.

Siku moja nilirudi mchana kuchukua chakula nilichosahau. Nilikuta mlango wazi. Katikati ya sebule alisimama mwanamume nisiyemjua, spana mkononi. Mbwa alikuwa chini ya meza. Mama alikuwa kwenye kiti, mikono mapajani, akiutazama ukuta kana kwamba sebule haina mtu.

Mwanamume yule alikuwa fundi wa bomba, kakosea nyumba, akaomba msamaha akapanda juu. Nilifunga mlango nyuma yake.

"Mwaitu, huyo ni nani umemwacha akaingia?"

"Sijui."

"Hukumuuliza?"

Aliinua macho polepole, akamtazama mbwa, kisha mimi. "Hapa kwako anapendwa mwenye kunyamaza," alisema. "Nimenyamaza."

Niliketi sakafuni. Nililia, na mwoga wangu akalia pamoja nami, kwa hilo ni hodari.

Jioni nilimpigia kaka yangu nikamwambia Mama anarudi kwake Mutomo, tumtafutie msichana wa kumsaidia, na kwamba nimeshaongea na mkulima wa Kalamba, anatupatia yule mkali.

"Umechanganyikiwa?" aliuliza. "Na akianguka tena?"

"Akianguka, kutakuwa na wa kupiga kelele."

Nilisema hivyo kwa ujasiri. Lakini sikuwa na uhakika hata kidogo. Sina hadi leo. Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, napiga simu Mutomo. Mama hashiki mara moja. Simu inaita, inakatika, napiga tena, nazunguka sebuleni na yule mwoga nyuma yangu. Halafu simu inashikwa, na kabla Mama hajasema neno, kwa mbali nasikia yule mkali akimbwekea mtu. Hapo naketi.