Askari Alileta Risasi za Swara Kumpigia Nyati, Nami Nikanyamaza

Wakuu, salamu kutoka Munyaka, Eldoret. Hii sikusimuliwa na mtu, nilikuwa hapo hapo. Na bado nina hasira, kwa hivyo mnivumilie.

Kabla sijarudi Kenya nilifanya kazi miaka tisa kwenye kampuni ya uwindaji Tanzania, yenye leseni zote. Kazi yangu ilikuwa kufuata nyayo na kubeba bunduki za wageni. Risasi zao nilizijua kama mkulima anavyojua mbegu zake.

Sasa, shamba letu liko Timboroa, karibu na msitu. Wiki mbili zilizopita, asubuhi, nyati dume aliingia kwenye viazi vya jirani yetu, Mzee Kamau. Chief akapiga simu, akaja askari wa wanyamapori na bunduki ya maana kabisa.

Akafungua pakiti ya risasi. Nikachungulia.

Soft! Tena nyepesi! Hiyo ni ya swara, ikigusa nyama inapasuka. Bega la nyati ni mfupa mnene. Linataka solid, risasi nzito isiyopasuka, ipenye mfupa hadi moyoni.

Nikamwambia, "Afande, hizo hazitaingia. Hauna solid?"

Akanijibu, "Mzee, risasi ni risasi."

Chief akanigeukia. "Na wewe ulijulia wapi maneno ya risasi? Ama unaingianga msitu?"

Watu wakacheka. Mnajua hapa Kenya uwindaji ni marufuku, ukionekana unajua risasi wewe ni jangili. Nikafunga mdomo. Mimi, mtu mzima na ndevu zangu!

Askari akapiga. Nyati akaenda magoti, akainuka, akaingia kichakani.

"Huyo ameenda kufa," akasema.

Mzee Kamau aliposikia hivyo akaenda kumfungua ng'ombe wake, aliyekuwa amefungwa karibu na kile kichaka. Nilijua nyati aliyejeruhiwa hukaa akikungoja. Nilijua, wakuu! Lakini nilikuwa bado nimenuna, sikumwita arudi.

Nyati akatoka kama lori limekatika breki. Zilihitajika risasi nne zaidi kumwangusha, na Mzee alikuwa chini yake.

Walipomchuna nyati nilienda kuangalia ile risasi ya kwanza. Vipande vipande juu ya mfupa wa bega. Ndani haikufika kabisa.

Mzee yuko hospitali hapa Eldoret. Mguu wa kulia umekatwa juu ya goti. Yule askari na "risasi ni risasi" yake, na chief na mdomo wake, wote wanatembea kwa miguu miwili.

Funzo: risasi ya mnyama mkubwa huchaguliwa kwa mfupa wake, bunduki hata iwe kubwa namna gani. Na ukijua kitu, usinyamazishwe na kicheko.

Jana nilimpelekea Mzee uji. Akaniuliza polepole, "Kumbe wewe ulikuwa unajua. Sasa mbona ulinyamaza?"

Nikauweka uji kando ya kitanda, nikaaga. Nyinyi mngemjibu nini? Niandikieni hapa chini, kwa sababu kesho narudi wodini na atauliza tena.