Uchumba Uliokwenda Mapumziko

Kazi yangu hapa Kigali ni kuwafundisha watu wa maofisini kuandika Kiingereza kisichomkwaza mzungu. Somo wanalolipenda kupita yote ni lile la kusimamisha mambo: jinsi ya kuandika kwa adabu kwamba shughuli imesimama kwa muda na itaendelea baadaye. Ofisini hakuna kitu kinachokufa. Kila kitu kimepumzika tu.

Basi mchumba wa binti wa kaka yangu, kijana wa Biryogo, mtaa uleule tuliokulia sisi, akiwa huko Ubelgiji alimwandikia binti yetu kwa Kiingereza: "Let us take a pause." Tupumzike kidogo. Wakati huo kitanda na kabati la harusi tulishavichukua kwa mafundi wa Gisozi, vimejaa sebuleni hata wageni wanapita kiubavu.

Kaka yangu, ambaye ni fundi cherehani, aliniita mbio. Kwetu maneno ya uchumba hayajibiwi na binti. Hujibiwa na familia kupitia msemaji wake, naye ni ami yetu, mzee aliyezungumza vizuri sana siku ya posa na tangu hapo hajanyamaza.

"Wewe iko mwalimu," kaka akaniambia. "Hii pause iko ya muda gani?"

Nikawapa somo bure. Nikaeleza kwamba mwenye kuandika neno hilo sawasawa hutaja sababu, kisha hutaja lini jambo litaendelea. Kijana hakutaja hata kimoja. Mtu mwenye akili zake angeishia hapo. Sisi tukakubaliana kwamba Kiingereza cha kijana ni kibovu.

Ami akataka jibu zito. Nikaandika kwamba familia imeyapokea mapumziko hayo kwa heshima. Akasema bado jepesi. Nikaongeza "pending further communication", yaani tukisubiri habari zaidi, akafurahi kana kwamba mahari imeongezwa. Kaka naye akauliza kama salamu kwa wazazi wa kijana zitangulie au zifuate. Tukalijadili hilo nalo kwa kina, huku chai ikiletwa na yuleyule binti mwenye uchumba wake.

Akaweka sinia, akaketi kwenye ukingo wa kitanda ambacho hakijatolewa nailoni.

"Shangazi, wewe ungengoja?"

Ami akaanza kusafisha koo. Nikamwahi.

"Hapana," nikasema. Iliniuma kulitamka, maana kijana yule nilimpenda kweli, na nilishashonesha nguo yangu ya kuvaa harusini.

"Mwanangu, acha familia ijibu," kaka akasema.

Binti hakumsikiliza. Akachukua simu, akaandika kwa Kiswahili, akatusomea kabla ya kutuma: "Mimi sitangoja. Kama imekwisha, sema imekwisha."

Ami akalalamika kwamba hakuna hata salamu. Jibu likaingia kabla hajamaliza kulalamika, nalo kwa Kiswahili: "Imekwisha. Asante, nilikosa namna ya kusema."

Binti akaigeuza simu kifudifudi, akalia. Kaka yangu, ambaye machozi yake niliyaona mara ya mwisho tulipomzika mama, akapenya kati ya kabati na ukuta, akaketi naye kwenye ile nailoni.