Mstari Juu ya Goti

Kabla mgonjwa hajafungua mdomo huwa nimeshamtazama tangu mlangoni. Jumatatu asubuhi, kwenye benchi la nje la kliniki yetu ya ngozi hapa Voi, naipitia foleni kwa macho kabla sijaanza kuita. Mwanafunzi wa bweni anayejikuna katikati ya vidole ana upele, na wenzake wa chumbani wanao pia hata kama bado hawajui. Mtoto mwenye vidoa vya mviringo kichwani, nywele zimekatikia hapo hapo, ana punye, na mafuta ya kupaka peke yake hayatamponya; atameza dawa. Mwanamke mwenye uso mweupe na vifundo vyeusi vya vidole anatumia krimu ya kujichubua, na atakana mpaka nimwulize mara kadhaa. Wakulima wa Werugha, kule milimani, wanashuka na visigino vilivyopasuliwa na baridi na matope. Sisi wa huku chini tuna jasho letu na mba zetu.

Sikosei sana. Ngozi iko wazi kwa yeyote mwenye subira ya kuitazama, na maswali yangu huwa ni yale yale, kwa mpangilio ule ule. Ilianzia wapi? Lini? Inawasha? Nani mwingine nyumbani anayo? Umeshapaka nini? Hilo la mwisho ndilo lenye majibu marefu.

Mama mmoja kutoka Rukanga, chini ya mlima Kasigau, aliingia mikono yake imeviringishwa kwenye leso kama mtu aliyebeba chapati za moto. Nyuma yake alikuja mkaza mwana wake, msichana mwembamba, na mtoto mchanga kifuani. Viti viwili vya wagonjwa vilikuwa vimegusana. Mkaza mwana alivuta chake pembeni kabla ya kukaa.

"Daktari, tuambie ukweli," alisema, hata salamu hazijaisha. "Ni ule ugonjwa wa zamani?"

"Upi?"

"Wa vidole kukatika."

Mama akacheka kwa pua. "Huyu ameshanizika. Amebakisha kuagiza jeneza."

"Mama, mimi sijasema hivyo."

"Umesema hivyo tangu mtoto azaliwe. Daktari, huyu ni mjukuu wangu wa kwanza. Sijamshika hata siku moja."

Msomaji wa huku hahitaji kuelezwa uzito wa maneno hayo. Katika nyumba nyingi, mtoto wa kwanza huogeshwa na nyanya yake mpaka mama yake apate nguvu. Nyanya ndiye anayemkanda, anayemnyoosha viungo, anayemfundisha mama mpya jinsi ya kushika kile kishingo kisichojiweza. Huyu alikuwa amekatazwa. Alikuwa akipika, akifua, akichota maji ya kumwogeshea mtoto, halafu anasimama mlangoni kutazama msichana asiye na uzoefu akihangaika na beseni.

"Simkatazi kwa ubaya," mkaza mwana aliniambia, macho yamelowa. "Mtoto ni mdogo. Wewe ungempa?"

Niliomba kuona mikono.

Vitabu vingi vya ngozi vinazungumzia wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri. Unatafuta weusi uliozidi, rangi ya kijivujivu, unene, mng'ao. Kiganja cha kulia kilikuwa kigumu kama ngozi ya kiatu cha zamani, kimepasuka kwenye mikunjo, na malengelenge madogo pembeni. Mkono wa kushoto ulikuwa karibu mzima: kidole gumba na vidole viwili vinavyofuata ndivyo vilivyoharibika, tena kwenye ncha tu. Nilivigeuza mara mbili. Maradhi yanayojiendea yenyewe hayagawi mikono namna hiyo.

Niliuliza maswali yangu. Ilianza baada ya mvua za mwisho. Inawasha mpaka anaamka. Hakuna mwingine nyumbani anayejikuna. Amepaka nini? Dawa ya mashilingi, yale mabaka ya mviringo, kutoka kemisti, ya Maungu na ya Voi. Dawa ya upele, ile inayonuka kiberiti. Majani aliyopewa na jirani. Na kila asubuhi, kwa amri ya mkaza mwana, ananawa kwa maji yenye dawa ya kung'arisha nguo, ili kuua vijidudu.

"Inachoma?"

"Inachoma mpaka nasikia kwenye meno. Lakini nikinawa ananiruhusu nikae chumba kimoja na mtoto."

Nilianza na hofu iliyowaleta. Nilimfumba macho, nikamgusa mikononi na usoni kwa unyuzi wa pamba, naye akanionyesha kila nilipogusa. Nilimpapasa mishipa ya fahamu nyuma ya viwiko, haikuwa imevimba. Ukoma hufisha hisia, na mama huyu alihisi pamba ambayo mimi mwenyewe sikuwa na hakika kama nimeigusisha. Nikamkwangua magamba kidogo, nikayatia dawa na kuyaweka chini ya hadubini. Hapakuwa na kuvu. Katikati ya vidole hapakuwa na njia za mdudu wa upele.

Nikiwa naandika, niliona amejisahau. Kiganja chake kilikuwa kinasugua gauni juu ya goti la kulia, taratibu.

"Na hapo, mama?"

Akauondoa mkono. "Hapo si pa kuonyeshwa."

"Mimi ni mwanamke mwenzako."

"Hata wewe."

Nilimwomba mkaza mwana atoke na mtoto kidogo. Mama alingoja mlango ufungwe ndipo akapandisha gauni. Juu ya goti, kwenye paja la kulia, palikuwa na mstari mpana wa ngozi nyeusi, nene, yenye magamba, ulionyooka kuelekea juu kama barabara ya lami. Paja la kushoto lilikuwa safi kabisa.

Mstari ulionyooka namna ile huwa umechorwa na kazi.

"Unasuka vikapu," nilisema.

"Nani asiyesuka kule kwetu?"

"Na nyuzi unasokotea hapa."

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kama anakula kwa mdomo. Mwanamke wa Kasigau anapotengeneza kamba ya kikapu hukaa chini, akalaza nyuzi mbili za mkonge kwenye paja tupu, akazisokota kwa kiganja cha kulia huku ncha za vidole vya kushoto zikishikilia. Kiganja, vidole vitatu, paja. Ramani nzima ilikuwa mbele yangu.

"Lakini nasokota tangu nikiwa mtoto, daktari. Mkonge haujawahi kunifanya kitu."

"Basi kuna kitu kimebadilika. Aidha ngozi yako, au hizo nyuzi."

Nilimwita mkaza mwana, nikawaambia wote wawili: huu ni ukurutu, umetokana na kitu anachoshika kazini, hauambukizi. Sumu ya kung'arisha nguo ikome leo, kwa sababu yenyewe ndiyo inayoipasua mikono. Nilimpa mafuta makali ya kutuliza ngozi kwa muda mfupi, na mafuta mazito ya kawaida ya kupaka kila baada ya kunawa. Na asiguse nyuzi.

Mkaza mwana alisikiliza kwa heshima. Kisha akauliza, "Na kama umekosea, daktari?"

Lilikuwa swali la haki. Hofu yake ilikuwa na sura ya mtoto, na neno langu halikuwa na sura yoyote. Nikamwambia, "Sitaki uniamini. Jumatatu ijayo njooni na nyuzi zote anazotumia, kila rangi peke yake, na sabuni, na mafuta. Utaona kwa macho yako."

Walikuja na mfuko wa nailoni umejaa. Nilikata vipande vya nyuzi nyeupe zisizotiwa rangi, nyekundu, za kahawia na nyeusi, nikavilowesha kidogo, nikavibandika mgongoni kwa plasta, kila kimoja kwenye kiraka chake cha mraba, na nikaandika alama kwa kalamu. Asioge mgongo, asitoe jasho, arudi Jumatano. Kutotoa jasho Voi ni ombi kubwa. Alilala kwa mpwa wake mjini, chini ya feni, na aliniambia baadaye kwamba hajawahi kupumzika vile tangu aolewe.

Jumatano nilimweka mkaza mwana nyuma ya mgongo wa mama mkwe wake, nikabandua plasta moja moja. Nyeupe, hakuna kitu. Nyekundu, hakuna. Kahawia, hakuna. Chini ya ile nyeusi, ngozi ilikuwa imeinuka, imejaa malengelenge madogo, na umbo lake lilikuwa mraba, kama kiraka chenyewe.

Msichana aliinama karibu sana. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akimkaribia.

"Mraba," alisema.

"Ugonjwa wa kuambukiza haujui mraba," nilimwambia.

"Mnaona nini huko?" mama akauliza. "Semeni, mgongo ni wangu."

"Nyeusi, mama. Ni ile nyeusi."

Sasa nilitaka kujua nyeusi ile ilikuwa na nini, maana rangi nyeusi imetiwa kwenye vikapu vya Kasigau miaka yote. Mwezi ule zamu ya kliniki ya kuhamahama katika zahanati ya kule ilikuwa yangu. Tulipomaliza foleni, mama alinipeleka kwa kikundi chake cha wasuka vikapu. Wanawake walikuwa wamekaa kivulini nyuma ya nyumba, miguu imenyooshwa, na yeye wakamwonyesha kigoda kilichotengwa upande mwingine. Alikaa pale. Mwenyekiti wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuendeshea mkutano, alinipima kwa macho.

"Daktari, umekuja kununua kikapu ama kutufungia kazi?"

"Nimekuja kuona mnavyopika rangi nyeusi."

"Hiyo ni siri ya kikundi."

"Siri gani," mmoja akadakia, "na sufuria iko hapo inanuka mpaka Maungu?"

Walicheka, na mwenyekiti akacheka pia. Akaeleza: rangi yao ya zamani ilikuwa ikikimbia. Wanunuzi walilalamika kwamba baada ya jua kidogo nyeusi inakuwa kahawia. Kwa hiyo baada ya mvua alijiongeza. Akafungua kopo, akanionyesha unga mweusi.

Niliunusa, nikaujua. "Hii si piko?"

"Ndiyo piko. Ile ya maharusi, nanunua Voi. Weusi wake haukimbii, hata ukiuanika juani mwaka mzima."

Piko ni unga wa kupaka nywele rangi, na pwani yote wanawake hujichorea nao maua mikononi siku za harusi. Ndani yake mna kemikali ambayo ngozi ya watu fulani ikiijua mara moja haiisahau tena. Nilimgeukia mama kwenye kigoda chake. "Umewahi kuchorwa piko?"

Alifikiri. "Mara moja. Jirani yangu Mwislamu aliozesha binti Voi, wakatuchora sote. Mkono uliwasha, ukatoa malengelenge, maua yakabaki makovu. Nilidhani ni mbu." Alipandisha mkono wa gauni. Juu ya kifundo cha mkono bado palikuwa na kivuli cha jani, hafifu.

Kisha mwenyekiti akasema, "Kwa hivyo ni mimi niliyempika."

"Umempika bila kujua," nilisema. "Leo ni yeye. Ukiendelea, atafuata mwingine hapa." Niliwaambia waachane na piko, warudi kwenye rangi ya zamani, wazisuuze nyuzi mpaka maji yatoke meupe kabla ya kuzisokota, na anayekoroga sufuria avae glavu. Mama mwenyewe asokote nyeupe, nyekundu na za kahawia tu, na asichorwe piko wala asipake nywele rangi nyeusi maisha yake yote.

"Na wanunuzi?" mwenyekiti aliuliza.

"Waambie wasianike vikapu juani."

"Hilo nitaliandika kwa herufi kubwa." Halafu, bila kunitazama, aliinua sauti: "Wewe mama, toka kwenye hicho kigoda, unatuharibia mstari. Njoo hapa."

Mama hakuinuka mara moja. Aliwaacha wasubiri kidogo, na nadhani alistahili. Kisha akaenda akaketi katikati yao, akanyoosha miguu.

Nilirudi zamu iliyofuata. Nilipofika kwake jioni kukagua mikono, viganja vilikuwa vimelainika, nyufa zimefunga, na mstari wa pajani umebaki doa tu ambalo litachukua miezi kufifia. Nilimwambia mkaza mwana kwamba mama amepona, sina la kuongeza. Alikuwa uani na beseni, mtoto uchi mapajani mwake, analia kwa hasira.

Alimgeukia mama mkwe wake.

"Mama," alisema, "maji nimeyapoza. Njoo umwogeshe."

Mama alijifuta mikono kwenye gauni ingawa ilikuwa mikavu. Alimpokea mtoto, akamlaza kwenye mkono wa kushoto, kichwa kikakaa kwenye kiganja. Mtoto alinyamaza kwa mshangao. Kwa kidole kimoja nyanya alimfungua mikunjo ya shingo, na humo mlikuwa na maziwa yaliyoganda na ngozi mbichi yenye unyevu.

"Wewe ulikuwa unamwosha kama sahani," alimwambia mkaza mwana. "Juu juu tu. Lete kitambaa laini. Na ukae hapa uone."

Msichana alileta kitambaa, akavuta kigoda, akakaa bega kwa bega naye.