Kiboksi cha Katikati

Nilikulia Sironga, kwenye vilima vya majani chai, na bahari sikuiona hadi nilipokuwa mtu mzima. Lakini vita vya baharini nilipigana kila wiki. Uwanja ulikuwa ukurasa wa daftari la hesabu lenye viboksi, kumi kwa kumi, herufi juu na nambari kando. Mimi na kaka yangu, tuliozaliwa wawili tu, tulichora manowari zetu kwa siri, kila mtu nyuma ya kitabu chake, kisha tukarushiana makombora kwa kutaja kiboksi. Ukikosa, mwenzako anasema "maji." Ukipata, anasema "moto."

Shida ilikuwa nani aanze. Anayeanza huwa mbele kwa kombora moja hadi mwisho, na mimi wa darasa la tano niliiona dhuluma hiyo waziwazi. Tulipompelekea baba kesi, hakuweka hata kikombe chini. "Aliyetangulia kuzaliwa atangulie kupiga," akasema, ikawa sheria ya nyumba. Nililia. Niliomba basi niruhusiwe kujibu kwa makombora mawili, nikanyimwa. Nikatangaza kwamba sichezi tena maishani, na kesho yake nikacheza.

Nilibaki na ukaidi mmoja: kombora langu la kwanza lilikwenda E tano, katikati ya bahari, kila mara. Na tangu wiki ile ya kesi, likaanza kupata. "Moto," kaka alisema huku ameshika kichwa, na mashua yake ndogo ya kiboksi kimoja ikazama kabla vita havijakolea. Nilijiona nina jicho la pekee. Nilitamba hadi shuleni.

Nyumba yetu ni ya Kisabato. Ijumaa jua likizama, mchezo ulisimama pale ulipofika. "Haya, leteni hiyo makaratasi," mama aliita, akazikunja mara nne na kuzitia kwenye mkebe wa biskuti hadi jua la Jumamosi lizame. Hakuna aliyethubutu kuufungua.

Vita vyetu vya mwisho vilikuwa Ijumaa. Kaka alikuwa amepata kazi ya ulinzi Uarabuni, na wakala wa ajira alimkatia tiketi ya Sabato asubuhi, jambo ambalo mama hajalimeza mpaka leo. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, nimenuna wiki nzima kwa sababu ananiacha. Akaanza yeye, kama kawaida. "B mbili." Kabla sijajibu, mama akaita. Nikakunja karatasi yangu.

"Si useme tu kama ni maji ama ni moto," kaka akaniomba.

"Utajua kesho jioni," nikasema, nikijua vizuri kesho jioni atakuwa wapi.

Ni miaka saba sasa. Huwa tunaongea kwenye simu, habari za afya, mvua, bonasi ya chai, na kila akikata nabaki na lile jibu mdomoni. Nina hamu naye mpaka naona aibu, mtu mzima mimi.

Mwezi uliopita niliacha mitumba yangu sokoni Daraja Mbili nikaenda nyumbani. Mama alitaka ule mkebe aweke mbegu za mboga ya managu, akaniambia niumwage. Juu zilikuwa karatasi zetu mbili za mwisho, na chini yake za miaka yote, maana mama hakuwahi kutupa hata moja. Nikazikunjua za kaka moja moja. Manowari zake kubwa zilihamahama, mara juu, mara chini, mara pembeni. Mashua ndogo haikuhama. E tano. E tano. E tano. Hata ile ya Ijumaa ya mwisho.

Nilipiga ukelele, nikakaa sakafuni nikilia. Mama akauliza kutoka jikoni kama nimeona panya.

Jioni nikamwandikia kaka: "B mbili ilikuwa maji. Nisamehe."

Jibu lake likaingia kabla sijaiweka simu chini. "Wacha hiyo. Chora ingine. Leo anza wewe."

Nikachora. Safari hii sikutaka kubebwa, nikapiga A moja, kwenye kona kabisa.

"Maji," akaandika. Kisha akaongeza: "Mbona hukupiga E tano? Nilikuwekea hapo."