Mkeka wa Dada Somoe

Nakumbuka siku moja ya msimu wa korosho, mwanangu, na kama kusahau kungeuzwa sokoni Chikongola ningekwenda kununua.

Nilikuwa kijana, napakia magunia kwenye kiwanda kidogo cha kubangua huku kwetu Likombe. Shule niliishia darasa la nne, basi nisamehe nikipinda njia. Dada yangu Somoe alipooza miguu utotoni, lakini mikono yake! Alibangulia nyumbani, kaketi mkekani. Asubuhi nampelekea korosho, jioni nazirudisha zimebanguliwa, nzima nzima kama meno ya mtoto.

Akaja msimamizi mpya. Akatangaza: kubangulia nyumbani basi, wote kiwandani, meza ndefu, kazi ya kusimama. Nikampakia Somoe kwenye baiskeli. Aliomba kitu kimoja tu.

"Bosi, naomba kapembe nitandike mkeka wangu."

"Mkeka? Kwani hapa kuna msiba?" Watu wakacheka. "Nikikupa wewe, kesho wote watataka kulala. Kazi ya kukaa ipo moja tu, kule kwenye kukaanga korosho kabla hazijabanguliwa."

Mafuta ya ganda la korosho yana hasira, mwanangu. Yanakula ngozi. Hata mimi nilipokwenda kuandikishwa kitambulisho, mashine ilivikataa vidole vyangu, ati havina alama. Binti aliyekuwa akiandikisha akanitazama kama mwizi. Haya, turudi. Kikaango nacho hushika moto ghafla kwa mafuta hayohayo, na anayekaanga kinga yake ni miguu: huruka. Somoe alilijua hilo. Nikamnong'oneza turudi nyumbani.

"Mdogo wangu, nikirudi nitakuwa mzigo wako. Nitaweza."

Moto uliposhika, wenzake waliruka. Yeye alibaki palepale. Tukamkimbiza hospitali; tuliporudi naye, tulirudi kuzika.

Siku ya matanga msimamizi alikuja. Akasimama pembeni na viatu vyake, macho yanatafuta kiti. Bi Mwanahawa, mkongwe wa wabanguaji, akatoka upande wa wanawake.

"Vua viatu, mwanangu. Uliuliza kama kuna msiba. Sasa upo. Kaa mkekani."

Akakaa. Hapo bibi akatugeukia sisi. "Na nyie mliocheka, hujafa hujaumbika. Mlikuwa wengi vile, hata mmoja hakukohoa!"

Nayasema haya kwa sababu ya mjukuu wangu, karani hapa mjini. Ajali ya bodaboda ilimvunja mgongo, akawa anafanyia kazi nyumbani kwa kompyuta, na kazi inakwenda. Sasa wameitwa wote ofisini: ngazi hadi ghorofa ya tatu, kiti cha mbao. Jana kaniambia, "Babu, nitaweza." Neno lilelile.

Mwanangu, mficha maradhi kilio humfichua. Usiseme utaweza kabla hujasema unachohitaji. Taja kiti, taja ngazi, na uvitaje mbele ya watu. Nawe mwenye miguu mizima, ukisikia mwenzio anaomba mkeka, simama uombe naye, maana sauti ya mmoja huitwa uvivu. Na wewe uliyepewa kusimamia watu, mpe mtu mkeka wake angali hai, usingoje kuja kuukalia.

Mungu akujalie riziki isiyokula mwili wako, akuzungushie watu wa kukohoa kwa ajili yako, na siku ya mwenzio, kikohozi cha kwanza kiwe chako. Amina.