Wafalme Tisa wa Chini ya Mwamba wa Tororo

Kwa wasiojua jinsi watoto walivyopokelewa shuleni enzi za Mwingereza, nitaeleza polepole, maana ni jambo rahisi. Cheti cha kuzaliwa hakuna aliyekuwa nacho. Mama akiulizwa umri wa mwanawe alijibu kwamba alizaliwa mwaka wa nzige, na nzige walikuja miaka mingi. Basi mwalimu hakuuliza. Alikusimamisha wima, akakuambia upitishe mkono wa kulia juu ya kichwa. Vidole vikigusa sikio la kushoto, umeiva, ingia. Visipogusa, rudi nyumbani ukakue. Jaribu hapo ulipoketi, utaona hakuna ugumu.

Mimi lilinishinda mara mbili.

Nilikuwa mfupi, mkono mfupi, na kichwa nilichopewa kilikuwa cha mtu mwingine aliye mkubwa zaidi. Mama alikuwa ameshatoa hukumu: nikishindwa mara ya tatu, nitapelekwa Lumino kwa mdogo wake, nikamlelee mapacha. Mapacha wale niliwajua. Walikuwa wakiuma.

Nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Kukhu, alidai anajua chanzo cha ufupi wangu. Kwetu hadithi husimuliwa jua likishazama. Anayesimulia mchana hakui, hubaki pale pale alipofika. Nami nilisimulia kuanzia asubuhi mpaka mbuzi wanaporudi.

Nilikuwa na sababu. Wimbi, yaani ulezi, likikaribia kukomaa, mimi na watoto watatu wa shangazi tulikaa juu ya dungu katika shamba letu la Kisoko kuamia ndege. Kazi yenyewe ni kupiga kelele na kurusha mawe kwa kombeo siku nzima. Sauti yangu ilikuwa nyembamba na mawe yangu yaliangukia shamba la jirani, kwa hiyo tulipatana: wao wapige kelele, mimi niwape hadithi. Na kwa kuwa kutoka pale juu tuliuona mwamba wa Tororo umesimama peke yake kama jino, niliweka ufalme chini yake.

Mfalme wa kwanza alikuwa na kimo cha mpini wa jembe. Hakupenda kumtazama mtu juu, shingo ilimuuma, kwa hiyo akaweka sheria: atakayerithi kiti lazima apite chini ya kwapa la baba yake, wima, bila kuinama. Mwanawe alikuwa na kimo cha kinu, akapita. Mjukuu alikuwa na kimo cha mtungi, akapita. Wa nne alitawala miaka mingi akiwa na kimo cha kigoda, na raia wake wawili walimkalia kwa bahati mbaya. Ukoo ukaendelea hivyo, kila mfalme mfupi kuliko aliyemzaa, hadi wa nane, aliyeoga ndani ya kata na kuita hilo ziwa.

"Wewe nasema uongo," alisema mtoto mkubwa wa shangazi, ambaye baba yake aliuza samaki soko la Busia, naye aliongea Kiswahili cha huko. "Mfalme gani nakaliwa?"

"Piga kelele, ndege wanakula," nilimjibu.

Kisha mfalme wa nane akapata mtoto aliyekuwa anakua. Kila asubuhi ameongezeka. Ilipofika siku ya kurithi alikuwa na kimo cha mbuzi mwenye pembe, na baba yake alikuwa na kimo cha kidole. Apite vipi?

Hapo ndipo niliposhindwa ile mara ya pili shuleni. Nikarudi nikilia, Kukhu akasema, "Nilikuambia," na mimi nikaapa sitasimulia tena hata neno moja kabla ya usiku. Tatizo ni kwamba usiku wasikilizaji wangu walikuwa wamechoka, wakalala kabla sijamaliza kukohoa.

Watoto wa shangazi wakagoma. Walikaa kwenye dungu wamekunja mikono, wakawatazama chiriku wakila wimbi.

"Mpaka useme kama alipita," alisema mkubwa.

"Sisemi. Mnataka nikaumwe Lumino?"

Basi wakaanza kumtafutia yule mtoto njia wao wenyewe. Wa kati alitaka akatwe miguu. Mkubwa alitaka baba apandishwe juu ya mti. Mdogo wao, aliyekuwa ananyonya kidole, akakitoa akasema, "Anyolewe kwanza. Nywele nazo ni urefu."

Wote watatu wakageuka wakanitazama kichwa.

Nywele zangu, lazima niseme, zilikuwa nyingi. Mama alizisifu. Tukateremka kwenye dungu tukamwendea Kukhu, aliyekuwa akipepeta mtama uani. Alikataa mara moja: kwetu mtu hunyolewa akifiwa, na kunyoa bila msiba ni kuuita. Mkubwa akamweleza habari ya sikio, akapima kwa vidole unene wa nywele, akamwonyesha. Kukhu akaweka ungo chini. Akafikiri sana. Akaleta wembe na maji.

Alinyoa nusu ya kichwa. Halafu akainama, akaninong'oneza, "Yule mtoto alipita, hakupita?"

"Kukhu, ni mchana!"

"Najua ni mchana. Nimewasikia toka shambani kwangu siku zote hizi. Sema, na usitikisike, wembe ni mkali."

Ungefanya nini? Nikasema. Walimweka baba juu ya nguzo, mtoto akanyolewa, akapita wima, masikio yakikwaruza. Akawa mfalme wa tisa, akazidi kukua hata akampita wa kwanza, akapendwa kuliko wote, kwa sababu ndiye wa kwanza kuifikia kamba iliyoanikiwa nyama. Watangulizi wake wanane walikuwa wakiinusa tu. Kukhu alicheka mpaka ikabidi aweke wembe chini.

Kesho yake watoto wa shangazi walinisindikiza shuleni. Mwalimu aliona kichwa changu kinang'aa, akavua kofia.

"Poleni sana. Nani amefariki kwenu?"

"Hakuna mtu amekufa, Mwalimu," alisema mkubwa. "Tunapunguza kichwa."

Mwalimu alikohoa, akageukia ukuta kidogo. Aliporudi uso ulikuwa wa kazi. "Wima. Shingo isilale."

Nilipitisha mkono. Nilivuta mpaka bega likalia. Kitu kikagusa kitu. Mwalimu alichutama, akafumba jicho moja kama fundi anayepima ukuta.

"Ni ukucha tu uliogusa."

"Ukucha ni wake, Mwalimu," alisema mdogo, kidole mdomoni.

Mwalimu alisimama, akakung'uta magoti, akautazama ukucha wangu kwa mara ya mwisho.

"Ingia," alisema, "ingia upesi, kabla nywele hazijaota."